Kuchagua praima na rangi ya ndani: anza na ukuta, ndoo baadaye

Sebule yangu ya kwanza, Kigamboni, Dar es Salaam, niliipaka rangi ya bei mbaya kuliko zote zilizokuwa dukani siku ile. Haikufika mwaka. Nyuma ya kochi ukuta ukaanza kutoa vijipele, ukikigusa kimoja kinapasuka na unga mweupe unamwagika sakafuni kama chumvi ya mezani. Nyumbani tukakubaliana kwamba tumeuziwa rangi feki. Nikarudi dukani nimefura. Muuzaji, mzee mmoja mtulivu, hakubishana nami. Aliuliza mambo mawili tu: "Plasta ilikauka muda gani kabla hamjapaka? Na chini mlipiga praima gani?"

La kwanza sikulijua. La pili nililijua vizuri: hatukupiga praima yoyote, ile rangi ya chini inayoandaa ukuta, maana fundi alisema ni kupoteza hela na mimi nikafurahi kusikia hivyo. Ile rangi ya bei mbaya haikuwa na kosa. Tangu siku hiyo nikienda kununua rangi, hela naigawa kinyume na nilivyokuwa nikiigawa: kwanza ukuta, kisha praima, na kinachobaki ndicho cha rangi yenyewe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wako ni wa namna gani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Plasta mpya ya saruji.* Ipe siku 28 angalau, na kama umepiga plasta katikati ya masika, iongezee. Sababu si maji peke yake. Saruji mbichi ina alkali kali sana, na alkali hiyo huitafuna rangi. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi, mafuta yaliyo ndani ya rangi yanakutana na alkali na kugeuka sabuni. Sisemi kwa mfano. Ni kemia ileile ya watu wanaopika sabuni nyumbani. Utaona ukuta unanata, unabadilika rangi, kisha unamenyuka vipande vizima.

Kujua kama umekauka, usitumie kiganja. Kiganja kinadanganya, hasa huku pwani ambako hewa yenyewe ni maji. Chukua kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta umande upande wa ndani, au ukuta pale chini ya nailoni umekuwa mweusi kuliko jirani yake, subiri. Pima mahali viwili vitatu, na kimoja kiwe karibu na sakafu, kwa sababu huko ndiko unyevu unakopandia.

*Ukuta unaotoa chumvi.* Wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na visiwani wanaujua. Chumvi hutoka kwenye mchanga wa karibu na bahari, kwenye maji ya kisima ya magadi yaliyotumika kujengea, au inapanda na maji ya ardhini kwa kuwa msingi haukutandikwa nailoni wala kizuizi chochote cha unyevu. Maji yanapotoka nje ya ukuta na kukauka, chumvi inabaki juu na kuisukuma rangi. Hakuna ndoo ya rangi inayotibu hilo, hata ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa inazuia unyevu. Tafuta kwanza maji yanakoingilia: bomba linalovuja, mfereji wa bati unaomwaga ukutani, udongo wa nje uliopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Kisha piga chumvi kwa brashi kavu ngumu. Usiioshe kwa maji, yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Subiri wiki mbili, angalia kama imerudi, piga brashi tena. Kosa baya kuliko yote ni kuifunika kwa rangi ya mafuta eti "ifungwe". Itafungwa miezi michache, kisha itatoka na plasta.

*Ukuta wenye rangi ya zamani.* Fanya vipimo vitatu, havichukui dakika 10. Pitisha kitambaa cheusi: kikitoka cheupe, rangi ya zamani imekuwa unga. Chora alama ya msalaba kwa wembe, bandika tepu juu yake, ikandamize, halafu ivute kwa nguvu: ikija na maganda, rangi hiyo haina mshiko na lazima ikwanguliwe. La tatu, lowesha kitambaa kwa spiriti na usugue sehemu moja. Rangi ikilainika na kuchafua kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, na rangi ya maji haitaishika mpaka uondoe mng'ao kwa msasa, namba 120 hivi, na kuosha kwa maji ya sabuni.

*Jiko la mkaa na kuta za moshi.* Masizi na mafuta ya kukaangia yanapenya rangi ya maji. Utapaka nyeupe leo, keshokutwa linachomoza doa la njano kama chai ya maziwa, upake tena, litoke tena. Osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, acha ikauke, kisha nenda moja kwa moja kwenye praima ya kuzuia madoa ambayo nitaieleza hapa chini.

*Ukungu mweusi*, ule wa kona za bafuni na nyuma ya makabati: changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, acha dakika 15 hadi 20, suuza. Fungua madirisha, vaa glovu, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, hewa inayotoka ni sumu. Ukipaka rangi juu ya ukungu ambao haujafa, utapenya na kurudi.

*Ukuta uliopigwa skimu*, yaani tabaka jembamba la kulainisha plasta. Kuna unga wa jipsamu na kuna wa saruji nyeupe. Wa jipsamu ni laini, rahisi kusugua, na unapendeza sebuleni. Ila haupendi maji. Bafuni, jikoni karibu na sinki, na kwenye nusu mita ya chini ya ukuta unaopata unyevu, tumia wa saruji nyeupe. Kuna pia ule mchanganyiko ambao fundi anauandaa mwenyewe kwenye beseni, unga kiasi na gundi kiasi. Ubora wa huo unategemea mkono wake. Upime ukishakauka: lowesha kiganja, sugua mara tano. Ukibaki na uji mkononi, basi rangi yako itakuwa imeshika uji.

Na vumbi la msasa lifutwe. Namaanisha lote, kwa brashi kisha kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Nimeona kazi nzuri za mafundi wazuri zikibanduka kama ganda la yai kwa sababu hiyo moja tu.

(Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina hesabu yake. Zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinavuta unyevu na kuutoa. Rangi ya kisasa yenye plastiki inauziba ndani. Kule chokaa ndiyo rangi, na fundi anayeijua chokaa ndiye wa kumtafuta.)

Hatua ya 2: Chagua praima kwa ugonjwa wa ukuta

Dukani utasikia praima, andakoti, sila, "rangi ya chini", yote kwa pumzi moja. Tofautisha mawili tu. Praima inashughulika na ukuta: inaushika, inapunguza unyonyaji wake, inazuia kilicho ndani kisitoke. Andakoti inashughulika na rangi ya juu: inasawazisha na kuficha rangi ya zamani ili ile mpya isipate kazi kubwa. Ukuta mpya unahitaji praima. Ukuta wa bluu unaotaka kuugeuza krimu unahitaji andakoti.

Kwa plasta mpya ya saruji, au skimu ya saruji nyeupe, omba praima ya maji inayostahimili alkali. Kwa ukuta uliokuwa unga, baada ya kuukwangua, chukua sila nyembamba inayopenya na kuushikamanisha; praima nzito itakaa juu ya unga bila kufika kwenye ukuta. Kwa masizi, madoa ya maji ya paa na moshi wa sigara, tumia praima ya mafuta ya kuzuia madoa. Inanuka, inataka thina kuoshea brashi, chumba kikae wazi na watoto walale kwingine siku hiyo, lakini kwenye kazi hiyo praima ya maji ya bei rahisi haifui dafu. Usiipeleke tu kwenye plasta mbichi, kwa sababu ya habari ile ya sabuni. Kwa ukuta wenye glosi, ile rangi ya mafuta inayong'aa, kama kusugua kote hakuwezekani, kuna praima za kushikia sehemu laini.

Na kuna ukuta usiohitaji praima kabisa, ingawa muuzaji hatakwambia. Kama ukuta una rangi ya maji iliyo nzima, imepita kipimo cha tepu na cha kitambaa, haina madoa, na unarudia rangi inayokaribiana, uoshe, upige msasa mwepesi, upake. Hela ya praima iweke kwenye rangi bora zaidi.

Vipi kuhusu ile desturi ya mafundi ya kuongeza maji kwenye rangi ya maji na kuupiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, kama praima? Kwa rangi nzuri, kwenye plasta iliyokomaa na kukauka, inakubalika. Tatizo ni kwamba wanaofanya hivyo kwa kawaida huchukua ile rangi ya bei ya chini kabisa na kuilainisha hadi iwe maziwa ya maji. Hapo umepaka chaki, na kila kitakachokuja juu kitashika chaki.

Praima ikishakauka, ipime kwa tone la maji. Kwenye plasta tupu tone linamezwa papo hapo. Kwenye ukuta uliopigwa praima ya kutosha linakaa au linateremka taratibu. Likimezwa tena, ukuta una kiu bado, ongeza mkono wa pili wa praima kabla hujaanza kumwaga rangi ya bei.

Hatua ya 3: Sasa rangi yenyewe

Ndani ya ndoo ya rangi ya maji kuna vitu vinne vikubwa: maji, unga unaoleta weupe na ufichaji (ulio bora ni titani dioksidi), gundi inayoshikilia yote (akriliki au vinaili), na unga wa kujazia, aghalabu chaki. Titani dioksidi na gundi ni ghali. Chaki na maji ni rahisi. Tofauti ya ndoo ya bei ya chini na ya bei ya juu kwa kiasi kikubwa ni uwiano huo.

Ndiyo maana sitaji kampuni. Karibu kila kampuni inayojulikana Afrika Mashariki ina rangi ya daraja la chini, la kati na la juu, ndoo zinafanana kama mapacha, nembo ni ileile. Mtu anasema "nilipaka rangi ya kampuni fulani ikabanduka" bila kujua alinunua ile ya kupakia dari za stoo. Uliza daraja, usiulize jina tu. Neno la kutafuta ni *inaoshika*, na muulize muuzaji akuonyeshe lilipoandikwa.

Wengine huinua ndoo kupima uzito. Sikushauri. Chaki nayo ni nzito.

Kipimo ninachokiamini ni cha gazeti. Nunua kopo la lita 1 la kila rangi unayoifikiria. Bandika ukurasa wa gazeti wenye vichwa vya habari vizito vyeusi juu ya ubao, upake mikono miwili, ukiacha saa tatu au nne katikati. Siku ya pili angalia: herufi bado zinachungulia? Halafu lowesha kidole, usugue juu ya kichwa cha habari. Rangi iliyojaa chaki inaficha ikiwa kavu, lakini ikilowa herufi zinarudi kama picha inayosafishwa. Rangi yenye gundi ya kutosha haibadiliki. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuwa na makopo matatu; la bei ya kati lilishinda la bei ya juu. Wiki moja baadaye chukua kitambaa chenye sabuni usugue mara 20 mahali pamoja, uone kipi kinabaki kwenye kitambaa.

Mng'ao: rangi ya mati haing'ai, inaficha mabonde ya plasta, inafaa dari na vyumba vya kulala, lakini alama za mikono hazitoki kirahisi. Silki ina mng'ao wa kiasi, inaoshika, inafaa sebule, korido, chumba cha watoto. Ila silki ni msema kweli: mwanga wa dirisha ukipita ubavuni, kila wimbi la skimu litaonekana. Kama skimu si nzuri na huna hela ya kuirudia, chukua mati ya daraja la juu inayooshika. Jikoni na bafuni, silki au ya mng'ao zaidi yenye dawa ya ukungu. Rangi ya mafuta iachie milango, grili na mbao. Najua nyumba nyingi hupigwa "dado" ya mafuta mita moja kutoka chini ili watoto wasichafue, lakini kwenye ukuta unaopata unyevu huo ndio mwanzo wa vijipele.

Kuhusu risasi, yaani madini ya ledi: hatari iko zaidi kwenye rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na kijani kali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha ledi kwa mtoto kinachojulikana kuwa salama, na kikomo ambacho Umoja wa Mataifa unahimiza nchi ziweke ni sehemu 90 katika milioni. Tafuta ndoo iliyoandikwa kuwa haina ledi, yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, au KEBS kwa Kenya. Na rangi ya zamani ya mafuta usiikwangue kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Ilowanishe kwanza, vumbi lisiruke.

Hatua ya 4: Hesabu kabla ya kwenda dukani

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3. Mzunguko ni mita 15, mara 3 ni mita za mraba 45. Toa mlango mmoja (0.9 kwa 2.1) na madirisha mawili (1.5 kwa 1.2 kila moja), jumla 5.5 hivi. Zinabaki 39.5. Lita moja ya rangi nzuri hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini uliopigwa praima. Mikono miwili ni mita 79, yaani lita 8: galoni mbili za lita 4, na kopo moja la lita 1 la akiba. Praima hunywewa zaidi. Weka mita 8 kwa lita, utapata lita 5.

Ukishajua hesabu hii, linganisha bei kwa chumba, si kwa ndoo. Rangi ya bei ya chini inayodai mikono minne huwa imeshaipita ile uliyoikimbia.

Hatua ya 5: Dukani

Angalia mfuniko kama umewahi kufunguliwa, tarehe ya kutengenezwa, na namba ya toleo. Ndoo zote ziwe za toleo moja, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Zikitofautiana, zichanganye pamoja kwenye pipa safi kabla ya kuanza. Rangi ya kuchanganywa kwa mashine, omba karatasi yenye namba ya mchanganyiko, uitunze. Usichague rangi chini ya taa za duka. Krimu ya dukani inaweza kuwa njano ya ugali wa yanga ukifika kwako. Paka kipande cha boksi, kizungushe kuta zote nne, asubuhi, jioni, na taa ikiwashwa.

Hatua ya 6: Fundi na maji

Mazungumzo haya nimeyafanya mara nyingi, na yanakwenda hivi:

"Bosi, rangi nzito hii, ngoja tuiongezee maji kidogo."

"Sawa fundi wangu, kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, bosi."

Hapo ndipo ndoo moja ya lita 20 inapozaa ya pili. Soma lebo. Kwa rangi nyingi za maji, mkono wa mwisho hauzidi asilimia 5 hadi 10, yaani nusu lita hadi lita moja kwa lita 10. Mpe fundi jagi lenye alama na mkubaliane mbele ya ndoo, kwa heshima, kabla hajaanza. Mara nyingi fundi anaongeza maji kwa sababu umemnunulia rola ya manyoya mafupi yaliyokakamaa na anaumia mkono. Mnunulie rola nzuri. Na mlipe kwa chumba au kwa siku, usimpe kazi ya kukuletea rangi mwenyewe halafu ushangae.

Mengine ni ya kawaida: dari kwanza, kona na kingo kwa brashi, kisha rola wakati kingo bado mbichi. Miezi ya Juni hadi Septemba huku pwani ndiyo mizuri zaidi. Siku ya mvua, mwachie fundi apumzike.

Ikiisha kazi, bakiza rangi kidogo kwenye kopo dogo lililojaa hadi juu ili hewa isibaki, uandike kwenye mfuniko kwa kalamu ya wino: chumba, namba ya mchanganyiko, tarehe. Lihifadhi mahali pasipo jua. Ukuta usiuoshe kabla ya wiki nne, hata mtoto akichora gari siku ya tatu. La kwangu lilichorwa siku ya pili, nyuma ya kochi lilelile.